Msifute Taa

Mwaka jana taa ya injini kwenye gari la Baba Mdogo iliwaka mara nne ndani ya miezi mitano. Mara tatu tulilipa ili izimwe. Nasema izimwe, sisemi gari litengenezwe, kwa sababu hicho ndicho tulichonunua kila mara: ukimya wa siku chache. Jumla ilikuwa shilingi 260,000. Mara ya nne alitokea mtu aliyetengeneza gari kweli, na huyo ndiye pekee tuliyebishana naye bei.

Makala haya yanamhusu huyo mtu wa nne, na yanatuhusu sisi tuliobishana naye.

Gari lenyewe ni Toyota Spacio ya mwaka 2003, mtumba wa Japani, rangi ya fedha iliyokwisha kuwa rangi ya barabara. Baba Mdogo alilinunua kwa kiinua mgongo alipostaafu ualimu. Anaishi Kwashemshi, wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge, ambako ukitoka nje unaiona milima ya Usambara na ukirudi ndani unajifuta vumbi. Asubuhi gari linapeleka abiria Korogwe mjini. Mchana linabeba chochote kilichopo. Usiku, jirani akizidiwa, linalogongewa mlango ni hilo hilo. Binti yake wa mwisho yuko kidato cha tano, na kila kitu anachokwenda nacho bweni kinatoka kwenye magurudumu yale manne. Kwa hiyo nikiandika kurasa nzima kuhusu kitaa cha rangi ya chungwa, msidhani naandika kuhusu anasa ya wenye magari.

Tuanze na taa yenyewe, maana wengi tunaiogopa bila kuijua. Haikubuniwa kwa ajili yetu. Ilianzia kwenye jiji la Los Angeles lililokuwa linakohoa kwa moshi wa magari. Jimbo la California lilitangulia kuwadai watengenezaji waweke kompyuta inayojichunguza yenyewe, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani yote ikadai mfumo mmoja wenye soketi moja na namba zinazofanana. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kazi ya taa ilikuwa kulinda mapafu ya watu wa mjini. Kulinda injini ya mwalimu mstaafu ni faida iliyojitokeza kando, lakini ni faida kubwa, kwa sababu moshi ukiharibika mara nyingi ni injini iliyoanza kuharibika.

Kompyuta inafanya kazi ya karani wa stoo. Inapima hewa inayoingia, inakadiria mafuta ya kuchanganya nayo, halafu inanusa moshi kwa sensa ya oksijeni ili ijue kama hesabu ilikuwa sawa. Ikikuta hewa imezidi, inaongeza mafuta kidogo. Ikikuta bado, inaongeza tena. Ikifika mahali inaongeza kupita kiasi kilichoruhusiwa, inaandika namba na kuwasha taa. Namba ya Spacio ya Baba Mdogo kila mara ilikuwa P0171. Maana yake ni fupi: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta.

Someni tena maana hiyo. Hakuna kifaa kilichotajwa. Hewa inaweza kuzidi kwa sababu mpira umepasuka, au sensa ya kupima hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka, au bomba la ekzosti linavuja kabla ya sensa na kuidanganya. Namba inataja tukio, haimtaji mwizi. Anayeisoma namba na papo hapo kukutajia spea ya kununua anabahatisha.

Kuna jambo jingine, na ndilo linalofanya biashara ya kufuta iwezekane. Kwa hitilafu za aina hii kompyuta haina haraka. Ikiiona mara ya kwanza inaandika pembeni na kunyamaza. Ikiiona tena safari nyingine, ndipo inawasha taa. Sasa mtu akichomeka mashine na kufuta, anafuta kumbukumbu yote, na kompyuta inaanza kuhesabu upya kama mtoto aliyeingia darasani leo. Hata kama ugonjwa uko pale pale, mzima kabisa, taa itakaa kimya siku mbili, tatu, labda wiki. Mteja anafika nyumbani akishukuru. Taa ikirudi, fundi ana jibu: hiyo ni nyingine.

Gereji ya kwanza ilichukua 15,000 na dakika nne. Mashine ikachomekwa, namba ikasomwa kwa sauti, kitufe kikabonyezwa. "Tayari, mzee." Gereji ya pili ilichukua 15,000 ya kupima na 70,000 ya sensa ya oksijeni ya mtumba, kwa hoja kwamba sensa ndiyo iliyolalamika. Ni sawa na kumpiga mjumbe kwa sababu habari ni mbaya. Gereji ya tatu ilibadilisha plagi nne na koili moja, 160,000 pamoja na kupima. Kijana mmoja pale alitushauri tung'oe masega, kile kichujio kilichomo kwenye ekzosti, "yanaibana injini". Hakusema kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, wala kwamba yana wanunuzi. Kwa bahati njema Baba Mdogo hapendi kitu chake king'olewe.

Kila mara taa ilizimwa. Kila mara ilirudi.

Najua jibu la haraka la wasomaji wa rika langu, kwa sababu nilikuwa nalo mwenyewe: mafundi wetu hawajasoma, wanajifunzia kwenye magari ya watu, dawa ni teknolojia. Nilitoka chuoni Dar es Salaam na dawa hiyo mfukoni, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachotuma namba kwenye simu. Nilikichomeka mbele ya familia nzima. Hakikusema neno. Magari mengi ya miaka ile yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakufungwa na sheria za Marekani wala Ulaya. Soketi inafanana, lakini kinachozungumzwa ndani yake si lazima kiwe kile kile, na vifaa vya bei rahisi mara nyingi havielewani nayo. Mdogo wangu wa kidato cha tano aliuliza kama nacho kinahitaji vocha.

Halafu kuna jibu la pili la haraka: gari kuukuu, liuze. Kenya ndivyo ilivyoamua, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi Tanzania tunaliruhusu, tunalitoza ushuru wa uchakavu, na maisha yanaendelea. Sina ugomvi na uamuzi wowote kati ya hiyo miwili. Lakini ukishaamua kwamba nchi itaendeshwa na magari ya miaka ishirini, umeamua pia kwamba itahitaji watu wanaojua kutafuta ugonjwa uliojificha. Gari jipya linahitaji kumwagwa oili. Gari kuukuu linahitaji kuhojiwa.

Aliyelihoji la kwetu anaishi si mbali na kwa Baba Mdogo. Ni mzee, alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani na kuacha nyuzi. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likikaa linakauka na nyuzi hazitoki vizuri. Korona ikisimama, shamba zima linasimama nayo, na fundi anayebahatisha anabahatisha mbele ya matrekta yaliyojaa na msimamizi anayetazama saa. Nadhani ndiko alikojifunza kutogusa spana kabla ya kuuliza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgosi, hujambo?" Hilo la pili lilikuwa la Baba Mdogo. Halafu akakaa kwenye kigoda. Mashine hakuwa nayo. Swali lake la kwanza halikuwa taa inawaka lini. Aliuliza inawaka wapi.

Hakuna gereji iliyokuwa imetuuliza hilo. Baba Mdogo akaenda ndani akatoka na daftari. Mwalimu ni mwalimu tu. Tangu mara ya kwanza alikuwa anaandika tarehe, alikotoka, alikokwenda, abiria wangapi, taa imewaka au imezimika. Mzee hakusoma mwenyewe, alimwomba amsomee taratibu. Wakafika mahali Baba Mdogo alipopata kazi ya kumpeleka mtu Handeni kwa siku nne mfululizo, na kwa siku hizo alilala Korogwe mjini. Korogwe hadi Handeni ni lami. Taa ilikuwa inawaka alipoanza. Siku ya tatu ilizimika yenyewe, bila fundi, bila shilingi.

"Soma tena hapo," mzee akasema.

Baadaye nilijua kwa nini hapo palimsimamisha. Kompyuta ikipita safari tatu mfululizo bila kuiona hitilafu, inaizima taa yenyewe. Kwa hiyo kwenye lami ugonjwa ulikuwa haupo, na kwenye barabara ya vumbi ya kurudi Kwashemshi ulikuwepo. Sensa mbovu ya oksijeni haijui kama iko kwenye lami. Plagi haijui. Mzee akasema kwa maneno yake: kitu kinachougua kwa kutikiswa.

Akafungua boneti. Akamwambia Baba Mdogo awashe, akanyage breki kwa nguvu, aingize gia ya mbele, kisha ya nyuma, kisha ya mbele. Injini iliruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Maunti moja ilikuwa imekufa. Akamwambia azime. Akafungua bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini, akaingiza kidole ndani, upande wa mbele ya filta, upande ambao hewa inatakiwa iwe imeshasafishwa. Kidole kikatoka chekundu.

"Hili vumbi limepita wapi," akauliza, "na filta ipo?"

Akalikunja bomba kwa vidole, mkunjo mmoja baada ya mwingine, akiligeuza juani. Kwenye mkunjo wa tatu, upande wa chini ambao hauonekani gari likiwa limefungwa, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole gumba. Ukiliacha bomba limetulia, midomo ya ufa inafumba. Ukilivuta, inafumbuka. Kwenye lami injini inatulia na ufa unafumba. Kwenye makorongo injini inaruka kwa sababu ya maunti, bomba linavutwa, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa inayoihesabu. Karani wa stoo anapata mzigo ambao haukuandikwa mlangoni. Anaongeza mafuta, anaongeza, anachoka, anawasha taa.

Taa haikuwa imekosea hata mara moja.

Aliufunga ufa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili tufike Korogwe kutafuta spea. Bomba la mtumba tulilipata kwa 25,000, maunti kwa 45,000. Mzee alipoulizwa kazi yake akasema 40,000.

Na hapa ndipo ninapoona aibu. Nilisema: "Fundi, arobaini? Si mpira tu?" Binamu yangu akaongezea kwamba hata mashine hakutumia. Mzee hakugombana. Tukampa 25,000, akazikunja, akasema haya, Mungu awasaidie. Tulikuwa tumetoa 160,000 kwa vitu visivyohusika, kwa watu ambao hawakutuuliza swali hata moja, bila kukohoa. Tulilipa kwa sababu tuliona vitu: plagi zenye boksi, koili yenye namba, mashine yenye kioo. Mzee alitupa saa mbili za kufikiri, na kufikiri hakuna boksi.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uchumi, kwa hiyo aibu yangu ina jina la kitaaluma. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari ya mitumba. Hoja yake ni nyepesi: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya kati kwa yote. Mwenye gari zima ataona bei hiyo ni hasara, ataondoka sokoni, na soko litabaki na mabovu. Hoja hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Nimeifanyia mtihani mara mbili. Nilidhani inahusu magari. Siku ile Kwashemshi nilikuwa ndani yake na sikuitambua: fundi anayetafuta na fundi anayefuta walisimama mbele yangu, nikampunguzia anayetafuta. Tukimpunguzia kila mara, kuna siku naye atanunua mashine na kubonyeza kitufe. Kijana anayemtazama akijifunza hatajifunza kuuliza "wapi". Atajifunza kinacholipa.

Kwa hiyo ninaposikia wenzangu wakisema mafundi wa Kibongo ni matapeli, nauliza: uliwahi kumlipa fundi kwa kutafuta peke yake? Si kwa spea aliyofunga, si kwa "ufundi" uliochanganywa na bei ya kitu. Kwa kutafuta. Daktari tunamlipa kumwona, kabla ya dawa, na tunaona ni haki. Wakili tunamlipa kusikiliza. Fundi tunamwambia: angalia kwanza, ukipata tatizo tutaongea. Maana yake fanya kazi ngumu bure, nitakulipa ile nyepesi. Halafu tunashangaa kwa nini kila utambuzi unaishia kwenye kununua kitu.

Sisemi mafundi hawana lawama. Anayefuta taa akijua kwamba itarudi ni mwongo, na anayeifuta ili auze gari ni mwizi. Ndiyo maana ukienda kununua gari, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake hapo. Isipowaka, mtu ameiziba au ameing'oa. Ikizimika baada ya kuwasha, usifurahi bado, liendeshe, rudi nalo kesho, liendeshe tena. Muuzaji anayekukatalia siku ya pili amekujibu tayari.

Wala sisemi mashine haina maana. Mashine nzuri mikononi mwa anayejua kuuliza ingetufikisha kwenye ufa huo mapema. Kuna namba inayoonyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa kubwa injini ikinguruma bila kukanyagiwa na ikashuka ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa siri. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyotaka nguvu, tazama pampu ya mafuta au sensa ya kupima hewa. Namba hiyo ilikuwepo kwenye mashine za gereji zote tatu. Haikusomwa, kwa sababu hatukulipa ili isomwe. Tulilipa kitufe.

Na VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana mtaani, nje ya darasa. Ni jambo jema, wazee kama huyu wapewe karatasi. Lakini karatasi haitamsaidia kama mteja mwenye digrii mbili atasimama mbele yake na kusema "si mpira tu".

Kuna methali tuliyokaririshwa wote shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila methali inadhani ufa umeuona. Ufa wa Baba Mdogo ulikuwa chini ya bomba, unafumba ukitazamwa. Anayekuonyesha ufa wa namna hiyo amekupa ukuta mzima, na sisi tulimkata 15,000, kiasi kile kile tulicholipa gereji ya kwanza kwa dakika nne za kufuta.

Ukuta wetu tumeshaanza kuujenga. Kwa miezi mitano vumbi la Kwashemshi lilikuwa linaingia kwenye injini bila kupita kwenye filta, na vumbi ndani ya injini ni msasa. Ringi zimelika. Taa haijawaka tena, lakini gari linakunywa oili, na asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa buluu kidogo. Mzee alisema litakwenda, ila si kwa miaka tuliyokuwa tumeihesabu. Kila siku tuliyonunua ya ukimya ilikatwa kwenye uhai wa injini. Binti wa kidato cha tano bado ana mwaka mzima mbele yake.

Mwezi uliopita nilimtumia mzee ile 15,000 kwa simu, na ujumbe wa kuomba radhi ambao niliuandika mara tatu. Alijibu kwa maneno machache: "Nimepata mwanangu. Taa vipi?"

Nilimpigia Baba Mdogo nimuulize. Akafungua daftari, nikasikia kurasa. "Jumanne, Korogwe na kurudi, abiria wanne," akasoma. "Haikuwaka. Oili nusu lita."